Kuitikia Si Kujua

Enzi zetu pale Kamembe, shule ilisikika kabla haijaonekana. Ukipanda kutoka sokoni asubuhi ulikutana na sauti sitini zikiimba jedwali la saba kwa pamoja, na hata akina mama waliobeba ndizi kutoka Gashonga walikuwa wamelishika kwa kulisikia njiani. Tulivaa gauni za bluu zilizopauka mabegani. Wavulana walivaa kaptura za kaki zenye viraka viwili nyuma, ambavyo sisi tuliviita televisheni. Mapumziko yalikuwa ya kuruka kamba na kupiga mpira wa majani ya migomba. Nyumbani kulikuwa na ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na mtu asikudanganye, hizi chipsi wanazokimbilia vijana leo haziioni ndani sombe ya mama yangu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, sina ugomvi naye. Lakini alikuwa na mtindo mmoja ambao kila aliyekalia yale madawati anaujua. Yeye alitoa kichwa cha neno, sisi tukatoa mkia. "Moyo husukuma da..." Nasi: "...muuu!" "Maji yakichemka huwa mvu..." "...keee!" Kisha aliuliza kama tumeelewa, na darasa zima likajibu "Yegooo!", yaani ndiyo kwa Kinyarwanda, mpaka mabati yakatetemeka. Mimi ndiye niliyekuwa malkia wa yego, na koo langu lilitosha kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, Bukavu kule Kongo. Kaye zangu, yaani madaftari, nazo zilikuwa safi, ubao mzima umenakiliwa, vichwa vya masomo vimepigiwa mstari mwekundu. Papa, baba yangu, aliwaonyesha wageni.

Basi ukafika mtihani wa kumaliza darasa la sita. Karatasi ikauliza: eleza kazi ya moyo. Nikatulia, nikangoja. Nadhani nilikuwa nangoja mtu anianzishie. Chumba kimya, na mimi nina mikia yote ya darasa la sita bila kichwa hata kimoja. Nilianguka vibaya sana.

Papa hakupiga kelele. Alisema nitarudia mwaka mmoja tu, na nikianguka tena nitavuka daraja niende kwa shangazi Bukavu nikajifunze kushona. Sidharau cherehani. Ila tangu nikiwa na meno ya utoto nilitaka kuwa mwalimu, na nilijua kwamba nikivuka lile daraja, darasani sirudi tena. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Mama yangu aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na hakujua kusoma hata jina lake. Siku ya kwanza ya kurudia darasa nilimpelekea kaye aone nilivyoanza vizuri. Alikuwa ameinama juu ya mkeka, mikono imejaa magamba.

"Fungaka iyo kaye," aliniambia. "Ya mu kaye ni ya mwalimu. Niambiye ya mu kichwa yako."

Nikaanza, nikakwama. Nilidhani atanisaidia, lakini hakuweza, na hapo ndipo ilipokuwa bahati yangu, kwa sababu asiyejua jibu hawezi kukuanzishia neno. Alingoja tu huku akigeuza samaki, na ule ukimya ulikuwa mrefu mpaka nikaona aibu mbele ya sambaza. Nilikasirika, nikalia kidogo. Halafu neno likatoka, na likafuatwa na la pili.

Ikawa hivyo kila alasiri, mwaka mzima. Wala hakuuliza ya leo peke yake. Sambaza zisipogeuzwa huoza upande wa chini, kila muuzaji wa Kamembe anajua, kwa hiyo mama alikuwa na mkeka wa leo, wa jana na wa juzi, na kila mkeka aliuwekea somo lake. Alipofika kwenye mkeka wa juzi alisema, "Na ile ya mizizi? Geuza." Nami nikageuza, yaani nikasema upya kile nilichokuwa nimeanza kukisahau. Nilimwona mkatili. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, tuliitwa kwenye semina. Tukaambiwa kwamba utafiti umeonyesha mwanafunzi hushika zaidi anapojaribu kukumbuka mwenyewe bila daftari, kisha akarudia baada ya siku kadhaa, kuliko anaposoma maandishi yale yale mara kumi. Wenzangu wakaandika haraka haraka. Mimi nilinusa samaki.

Tangu siku hiyo darasani kwangu hakuna kuitikia. Nauliza, nangoja, anajibu mmoja. Watoto wangu wa nyumbani wananicheka, maana wao ubao wanaupiga picha kwa simu na kusema, "Maman, ninayo." Unayo wapi? Simu ndiyo iliyosoma, na betri ikiisha elimu nayo imekwisha. Juzi mzazi mmoja alinijia uso umekunjamana. "Mwalimu, kaye ya mutoto iko nyeupe, na darasa yako iko kimya. Banasema haufundishe." Nilimheshimu, nikamwambia amuulize mtoto jioni, kaye ikiwa imefungwa. Lakini kubadilika sibadiliki, na sababu ni siku ya mtihani wangu wa pili.

Nilitoka chumba cha mtihani nikaenda moja kwa moja kwenye mikeka. Wazazi wa leo huuliza, umepata ngapi? Mama aliuliza, "Bamekuuliza nini?" Nikamtajia maswali, moja baada ya jingine, naye, bila kuinua macho, akaanza kuyajibu. La moyo akajibu. La mizizi, la malaria. Tulipofika kwenye umande nikamwambia nimeandika kuwa unatoka mbinguni kama mvua.

"Apana," alisema. "Ni hewa inapata baridi, maji yake inatoka. Si weye mwenyewe uliniambiaka."

Alisema kweli. Mtihani nilifaulu, lakini lile swali mimi nililikosa, yeye alilipata. Tulicheka wote wawili. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge.

"Balinikatalia masomo tu," alisema. "Kichwa nilikuwaka nayo."

Leo shule zipo kilima kwa kilima, Butare ya huku kwetu, Nzahaha, mpaka bondeni Bugarama, na binti haachwi tena nyumbani kirahisi. Nakiri kwamba yale makelele yetu bado nayatamani, na darasa la jirani likiitikia, koo langu linawasha. Lakini mama yangu alinyimwa dawati. Hawa wamepewa dawati, halafu wakae miaka sita wakimalizia maneno ya mtu mwingine? Si kwangu. Kwangu kila mmoja atasimama, nitamngoja hata kengele ilie, na neno la kwanza litakuwa lake.