Kitanda Changu Kilivyotetewa Lushoto

Nilikwenda Lushoto kwa sababu ya maziwa, na maziwa yenyewe hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Anjela, mtoto mchanga ambaye tangu azaliwe kwetu amenipokonya kila kitu isipokuwa kazi ya kuchota maji. Mama yake, Dada Roza, alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge huko Mazinde. Mumewe aliporudi kwao kupigana vita alimwacha na mimba, hana pa kukaa. Mama yangu akamkuta sokoni, akamleta nyumbani Mlalo, akampa kitanda changu.

Sasa matiti ya Roza yalikuwa yamekauka. Muuguzi wa kliniki akasema maziwa ya unga ni ya wanakijiji. Wakimbizi wametengewa makazi kusini. Anayetaka kukaa huku alete kibali cha wilaya, la sivyo atapelekwa huko na mtoto wake.

Mimi nilishaanza kukitandika kitanda changu kwa mawazo.

Mama hakuweza kwenda. Ilikuwa siku ya shamba la kijiji, na asiyefika husemwa mkutanoni.

"Nenda na dada yako," akaniambia. "Wakiuliza anaishi wapi, useme."

"Dada yangu tangu lini?"

"Tangu nilipokuambia."

Asubuhi tulipata lori la kabichi. Dereva alimtazama Roza na mtoto, akawafungulia mlango wa mbele. Mimi akanionyesha kabichi. Pale msitu wa Magamba ukungu uliniingia mpaka kwenye meno, huku nawasikia wanacheka. Roza alikuwa amemsalimia dereva kwa Kishambaa, "onga makeo," na mzee wa watu akasahau kwamba Mshambaa ni mimi niliye juu ya kabichi.

Lushoto, ofisini, afisa aliitikia shikamoo zetu bila kuinua kichwa.

"Kila anayetoka kwenye mkonge siku hizi anasema anaishi kijijini," alisema. "Wengi wanadanganya wasipelekwe kusini. Wewe kijana, huyu anaishi kwenu kweli?"

Roza aliacha kumbembeleza mtoto.

"Anaishi? Ndugu, asiyeishi pale ni mimi. Kitandani kwangu analala yeye, mimi nalala na mbuzi. Yai la kuku wangu anakula yeye. Mama akipika uji ananiuliza mimi kama Roza ameshiba. Hata mbwa wetu anamfuata yeye. Na hilo blanketi alilofunikwa mtoto ni langu, tazama pembeni lilipoungua, niliunguza mwenyewe."

Afisa akainuka, akalikunjua blanketi. Pembe iliyoungua ilikuwepo.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za vuli. Nitasahauje? Ndipo nilipohamia kwa mbuzi."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Aliyefundishwa uongo hawi na uchungu namna hii." Akagonga mhuri.

Roza alinishika bega mpaka nje, machozi yanamtoka, nami nikajifanya naangalia mawingu.

Kurudi, lori lilikuwa tupu. Nafasi ya mbele ikawa yake tena.

Jioni, Mlalo, muuguzi alikoroga maziwa, Anjela akanywa mpaka akalegea. Nilichojifunza safarini ni hiki: ukiwa na malalamiko, chagua wa kumlalamikia. Zamani kitanda changu kilikuwa kimeazimwa tu. Sasa kina mhuri wa serikali, na shahidi ni mimi.

Anjela akalala bila kulia, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Hata usingizi ule niliuonea wivu.