Nani Atambebea Thawin Mto

Wiki ile kabla ya Thawin kuingia utawa, mkewe Lamduan aliunguza masinia matatu ya mo kaeng. Haikuwa kawaida yake. Miaka ishirini na nane amekuwa akioka vile vikate laini vya mayai ya bata, tui na sukari ya mvumo, na soko zima la Phetchaburi linamjua kwa vitunguu anavyonyunyiza juu, vilivyokaangwa vikawa vyekundu bila kuwa vichungu. Lakini wiki ile aliweka sinia kwenye tanuri, akatoka kuchungulia mlangoni, akarudi, akasahau alichofuata, akaanza kufagia pale alipokwisha fagia. Akikaa, miguu inamwasha. Akisimama, anatafuta pa kukaa.

"Hebu tulia, mwanangu, unanitia kizunguzungu," alisema mama mkwe wake, Bi Chuea, mwenye miaka themanini na mmoja. "Anayenyolewa Jumapili ni mumeo, si wewe."

"Ninawaza mto, mama."

"Mto una nini? Utaubeba, utazunguka, basi."

Mto ndio uliokuwa ukimnyima raha. Mwanamume anapopelekwa hekaluni kuwa mtawa wa Kibudha, hata kama ni kwa siku kumi na tano tu, mama yake hubeba joho la manjano na mkewe hubeba mto wa kulalia. Ngoma zinapigwa, ukumbi unazungukwa mara tatu, na macho ya mji yote yako kwenye mto. Aliyeubeba ndiye mwenye mume.

Na Thawin alikuwa na nyumba ndogo. Tuseme tu, maana pale mjini asiyejua ni mgeni au kiziwi. Aliitwa Oy, msusi wa kule Cha-am, na mambo yao yalikuwa na miaka kumi na mmoja. Lamduan alipata habari mwaka wa pili, akaenda kulia kwa Bi Chuea. Bi Chuea akamsikiliza huku akitafuna tambuu, kisha akamwambia, "Baba yake alikuwa nao watatu, na aliyemzika ni mimi. Cheti cha ndoa unacho wewe, mke mkubwa ni wewe. Funga mdomo, pika vizuri, atarudi." Lamduan akafunga mdomo. Kweli Thawin alirudi kila jioni kula, samaki mkononi, uso mkavu kama mtu aliyetoka kwenye mkutano wa wakulima. Wanaume wa kibanda cha kahawa walimpigapiga mgongoni na kumwita fundi. Angekuwa Lamduan ndiye mwenye bwana Cha-am, sijui wangemwita nani, na wala sitaki kujua.

Mwezi wa pili mwaka huu, moyo wa Thawin ukasimama akiwa juu ya trekta. Daktari akasema wasubiri, na akasema kwa namna ambayo mtu akisikia anaanza kufikiria jeneza. Lamduan akatoka nje, pale uani penye kijumba cha mizimu ya hospitali, akawasha ubani akapiga magoti. Wengine huahidi mayai mia ya kuchemsha au wacheza ngoma. Yeye aliahidi kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. "Aishi," alisema. "Aishi tu, nami nitamwachia yule mwanamke. Sitamdai tena."

Siku ya tatu Thawin akafumbua macho na kuomba uji. Naye akaweka nadhiri yake, kwa sauti, mbele ya manesi: atakuwa mtawa siku kumi na tano. Nadhiri hiyo mji mzima uliijua. Ya Lamduan hakuna aliyeijua.

Miezi minane ikapita Lamduan hajaitimiza. Kila asubuhi alisema kesho. Halafu Jumatano ya wiki ile Thawin akashika kifua akiwa anafunga kamba za viatu, akakaa chini, rangi imemtoka. Ikapita. Lakini Lamduan alijua ni nini. Nadhiri hailali, na usipoitimiza hurudi kuchukua ilichokupa. Asipomwachia Oy yule mwanamume, atamzika. Akimwachia, basi miaka thelathini ya ndoa imekwisha mchana kweupe, mbele ya wauza samaki wote. Na alikuwa bado anampenda, huo ndio ujinga wenyewe. Akaamua: Jumapili Oy akija kuchungulia, na hakosi kuja, atampa mto.

Jumapili asubuhi Thawin alikuwa amenyolewa kichwa na nyusi, amevaa meupe, anafanana na mtoto mkubwa. Kama desturi inavyotaka, alipita kuomba radhi kabla ya kuingia. Akapiga magoti mbele ya Lamduan na sinia la maua na mishumaa.

"Nisamehe kwa yote niliyokukosea, mke wangu. Ya mdomo, ya mkono na ya moyo."

"Hayo ya moyo unayajua idadi yake?" Lamduan aliuliza.

Watu wakacheka. Thawin akainama zaidi, masikio mekundu.

"Nimesamehe," akasema Lamduan.

Ngoma zikaanza. Lamduan akaukumbatia mto, akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka nyuma, kwenye tangi la maji, alikosimama Oy na miwani ya jua kana kwamba miwani inaficha mtu. Shangazi mmoja akashika simu tayari kupiga picha ya ugomvi.

"Shika," alisema Lamduan.

Oy akarudisha mikono nyuma. "Dada, usinifanyie hivyo. Nimekuja kuangalia tu, naondoka sasa hivi."

"Sikufukuzi. Shika mto. Ni nadhiri yangu. Alipokuwa hospitali nilisema akipona namwacha kwako."

Oy akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, tena si kwa kulia kwa siku moja.

"Dada," alisema taratibu, "na mimi niliweka. Siku ileile, kule Cha-am. Nilisema akipona namrudisha kwako, sitamgusa tena. Tangu mwezi wa pili hajakanyaga kwangu. Hakukwambia?"

"Hajaniambia. Nilidhani bado anakuja."

"Anapiga simu kila siku, sipokei. Jumatano alipiga mara saba."

"Jumatano alishika kifua."

"Siku hiyo hiyo niliyomkataa," Oy alisema, na mdomo ukaanza kumcheza, hujui kama ni kicheko au kilio. "Sasa dada, nani anamchukua?"

Wakatazamana. Miezi minane kila mmoja alikuwa akimtoa mume kwa mwenzake, na mume mwenyewe hana habari, yuko pale mbele anashikiwa mwavuli.

"Mto uko wapi nyinyi?" Bi Chuea alipiga kelele kutoka mbele. "Jua linaniua!"

Lamduan akageuka, akatembea mpaka kwa mama mkwe wake, akauweka mto juu ya joho mikononi mwake.

"Mimi? Vyote viwili?"

"Ulisema atarudi, mama. Mbebe."

Bi Chuea akafungua mdomo, tambuu ikaonekana. Akazunguka ukumbi mara tatu na mzigo wake, akisonya kila kona, na Lamduan na Oy wakatembea nyuma kabisa, hatua moja kati yao.

Siku ya kumi na sita Oy akapiga simu. "Dada, unakwenda kumchukua?"

"Siendi. Na wewe?"

"Siendi."

Lamduan akaweka simu chini. Alilia kidogo, akasimamia tanuri mpaka sinia likaiva. Thawin, amevaa shati lake la zamani, alisimama kwenye lango la hekalu na mto kwapani mpaka saa sita mchana, akiangalia barabara ya Phetchaburi na barabara ya Cha-am. Aliyekuja kumchukua ni mama yake.