Mbeta Moja ya Twilumba

Pale Nyololo, mvua zikishika, kuna harufu moja inayonikamata puani na kunirudisha utotoni nikiwa bado nimesimama barabarani na kikapu changu. Ni harufu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukiwa umeanza kuchacha kidogo tu. Wengine hukunja pua. Mimi humeza mate, na uzee wangu wote huu.

Miaka ya hamsini nililelewa na bibi yangu, mama yake baba, kwenye kilima kisicho mbali na hapo. Alikuwa mjane, na mianzi yake aliigema mwenyewe. Asubuhi na jioni alikata ncha ya chipukizi kwa kisu chembamba, akatundika mbeta, yaani kile kipande cha mwanzi cha kukingia utomvu, na mimi nikabeba kibuyu. Ulanzi uliokingwa usiku haujawa mkali. Ni mtamu, wa baridi, unateleza wenyewe kooni. Mama yangu, aliyekuja kututazama kila asubuhi, alikuwa Mlutheri kweli kweli, pombe hata kuitaja hataki, kwa hiyo mnaweza kuelewa hamu niliyokuwa nayo.

Bibi alikuwa na hadithi zake za sungura na fisi, na alikuwa na habari moja ambayo hakuichanganya na hizo. Hadithi alizisimulia akicheka. Habari hii aliisimulia mikono imetulia mapajani: kwamba wakati wa vita vya Wajerumani, nyumba zao zilipochomwa, mdogo wake aitwaye Twilumba aliingia kwenye mianzi ile ile na mtoto mgongoni, asitoke tena. Walimtafuta mpaka chemchemini. Hawakupata hata kitambaa.

Basi, juma moja nikaanza kumtangulia Bibi alfajiri na kunywa mbeta moja. Siku ya tatu akaniuliza nani anazimaliza. Ningeweza kusema nyani. Mtoto mwenye akili angesema nyani. Mimi nikasema nimemwona mama mmoja, amelowa, ametoka chemchemini, akanywa, akarudi.

Bibi akakaa chini pale pale kwenye majani yenye umande.

"Alikuwa na mtoto?"

"Alikuwa naye mgongoni. Amelala."

Kisha akanifuta pua kwa pindo la nguo yake. "Haya, mjukuu wangu. Nenda kasukutue mdomo kabla mama yako hajafika." Nikaenda, nikidhani ni habari ya meno tu.

Tangu siku hiyo mbeta moja haikumiminwa kibuyuni. Kila jioni Bibi aliitundika akisema ni ya Twilumba. Twilumba naye akawa anainywa kila asubuhi, kwa miguu midogo yenye funza. Majirani wakasikia, nao wakaanza kuacha mbeta moja. Aibu niliiona, lakini sitawadanganya, nilinenepa pia.

Nilikuwa na watoto wawili, namnusa mdomo mwanangu aliyeniapia hajagusa sukari, ndipo nilipokumbuka kule kusukutua. Bibi alijua. Alijua tangu mwanzo, na bado aliuliza kuhusu mtoto. Miaka yote alikuwa amebaki na jina lile peke yake, watu wamechoka kulisikia, na mimi mwizi wake nikampa sababu ya kulitaja kila jioni. Nililia siku hiyo, huku nimemshika mwanangu sikio.

Sasa sikilizeni ya mwaka jana. Mjukuu wangu Imani, wa darasa la tano, alikuwa akinifundisha historia ya kilima chetu. Akasema yule mama wa chemchemi ni kweli kabisa, ndiyo maana wagema huacha mbeta moja. Nikamuuliza habari za vita, nyumba kuchomwa, na dada aliyepotelea kwenye mianzi.

"Hizo ni hadithi tu, Bibi," akasema kwa upole.

"Na huyo mama wa chemchemi nani alimwona?"

"Msichana mmoja wa zamani sana. Alishakufa."

Chai ikanipalia. Nikamweleza yote, wizi, uongo, mpaka funza. Akasikiliza kwa adabu, akanipapasa mgongo, akaniambia pengine namchanganya na msichana mwingine. Nilikasirika kweli. Nilitaka nimng'oe yule mama wa chemchemi kichwani mwake siku ile ile. Halafu nikamuuliza mama huyo anaitwa nani. Hakujua. Baba yake naye hakujua. Hapo nikashtuka, maana nikimwondoa huyo wa uongo, yule wa kweli hana tena mahali pa kukaa.

Nikampa jina.

Jioni ile, akimsaidia baba yake kugema, nilimsikia akitundika mbeta ya mwisho. "Ya Twilumba," akasema. Vita vya Wajerumani bado haviamini. Asubuhi mbeta ilikuwa tupu. Nikamwita, nikamnusa, nikamwambia akasukutue mdomo kabla mama yake hajaamka.