Mstari Mmoja Juu ya Kelele

Nilisikia kabla sijaona: mlio mdogo, mkavu, kama kitenge kipya kinapochanwa. Ulitoka nyuma ya kisogo changu. Siku hiyo ya kwanza kazini nilikuwa nimesimama nikitazama ukuta wa kanisa, kwa sababu shefu wa brigedi ya miti, hapa Likasi, aliniamuru niupe mjakaranda mgongo.

"Umesikia nini?" akauliza.

"Kintu imepasuka, shefu."

"Haiyapasuka bado. Inalia. Hesabu."

Nilipofika nne, tawi zito likaanguka, vumbi likanipanda hadi magotini. Shefu akanivalisha filimbi shingoni. "Hii njo kazi yako. Benzako watakata. Weye uko masikio."

Vijana mnaoifanya kazi hii leo hamjui kwamba kulikuwa na cheo hicho. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ikipunguza miti ya barabara za mji, na msumeno wetu ulikuwa wa mkono, umefungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Mkataji alianza kwa kuchanja tawi upande wa chini, ili gamba lisichunike hadi shinani, kisha akakata kutoka juu. Hakugusa shingo, yaani uvimbe ule tawi linapotokea, kwa sababu kidonda cha shingoni hakifungi. Kati ya mvuto na mvuto alipumzika. Katika ukimya huo mti ulisema, nami nilisikiliza. Nikipuliza filimbi, wote walirudi nyuma wakikimbia. Miaka yote ya mwanzi hakuna aliyeumia.

Mkataji wetu alikuwa Ngoie, rafiki yangu, mtu wa maneno. "Tata Banza," alinitania mbele ya wote, "masikio yote hii, na bibi yako anakuita mara tatu mbele ya weye kuitika!"

Shefu alipostaafu, akaja ingenia, yaani mhandisi, kutoka Lubumbashi, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Akasema mianzi imetosha, tutanunua msumeno wa mlingoti, wenye injini. Nikatumwa dukani kuchagua, kwa kuwa nilisifika kwa uangalifu.

Ilikuwepo miwili. Wa kwanza ulitumia batri. Muuzaji alipouwasha uliimba taratibu, kama cherehani katika chumba cha jirani. Wa pili ulikunywa petroli iliyochanganywa na oili, una mkanda wa kubebea begani, na injini yake imekaa mwisho wa mlingoti ili kusawazisha uzito wa mnyororo ulioko juu. Nikapima kila kitu. Nikaandika urefu, uzito, nguvu, oili ya mnyororo, vipuri. Nikafikiria umeme: nyaya za bwawa la Mwadingusha zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini huko Kikula nilikoishi umeme ulikatika, tukapiga pasi kwa makaa wiki nzima. Batri isiyojazwa ingekuwa mzigo tu. Nikaandika: petroli.

Ingenia aliisoma karatasi yangu polepole. "Umeangalia yote, tata Banza?"

"Yote, ingenia."

Mimi niliyeajiriwa kwa ajili ya masikio yangu sikuandika mstari hata mmoja juu ya kelele.

Siku ya kwanza ya injini Ngoie alicheka kama mtoto. Barabara iliyotuchukua wiki ilikwisha kwa siku mbili. Mimi nilisimama na filimbi mdomoni, na ile injini ikanguruma ndani ya fuvu langu, ikafunika kila kitu. Nilipopuliza kwa kujaribu, hakuna aliyegeuka. Basi nikamfunga Ngoie kamba kiunoni: nikisikia mti unalia, nitavuta.

"Sasa niko imbwa yako!" alipiga kelele, akabweka. Watu wa sokoni wakacheka, nami nikacheka.

Sikumwambia kwamba mti siusikii tena, wala sikuwa na la kuiambia kamba ile. Ningesema, ningekiri kwamba nilichagua vibaya, na kwamba brigedi haina tena kazi ya kumpa mtu wa masikio. Asubuhi baada ya asubuhi nikaishika kamba kama mtu anayejua anachokifanya.

Siku moja tulikuwa kwenye mkalitusi kando ya soko la Kikula. Ngoie alikuwa akikata tawi bichi, na juu yake palikuwa na jingine, kavu, ambalo hakuna aliyeligusa. Sikusikia kitu. Tawi kavu lilimwangukia Ngoie, na kamba ndiyo iliyonivuta mimi. Nilipoinuka kutoka mavumbini injini ilikuwa bado inanguruma chini, karibu na mkono wake, na ilibidi mtu aizime ndipo tusikie kwamba wanawake walikuwa wanapiga mayowe.

Ingenia alikuja msibani na karatasi ya ripoti. Mjane wa Ngoie, mama Kalenga, alisimama karibu yetu.

"Muti ililia?" ingenia akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Haikulia."

Akashusha pumzi, akaandika. Likawa jambo lisilo na mwenye kosa.

Nikaendelea miaka mingi na injini ileile, hata ikalimaliza sikio langu la kushoto. Nilistaafu kwa soda na picha ya pamoja. Sasa vijana huja kuniuliza wanunue msumeno gani. Nawaambia: batri, ili msikie. Wananijibu, "Muzee, courant haiko," yaani umeme hakuna. Wana haki, kama mimi nilivyokuwa na haki. Kesho watachagua nilichochagua.

Mwezi uliopita mama Kalenga alikuja. Alikaa upande wangu wa kulia, ambako bado nasikia kidogo.

"Tata Banza, unakumbuka avoka yangu ya mu lupango?"

Niliukumbuka mparachichi ule. Ulikuwa mpana, ukafunika ua mzima.

"Niliikata. Ilikuwa inalisha batoto, nikaikata. Weye ulisema muti inaangukaka bila kulia. Tangu ile siku batoto yangu hawakukaa chini ya muti hata moja. Sasa bajukuu wanataka kupanda ingine. Niambie tena. Haikulia?"

Nilitazama mikono yangu.

"Sijui, mama. Masini ilikuwa inapiga kelele. Sikusikia kintu. Na ile masini, miye nilichagua."

Mama Kalenga alinigeukia.

"Kumbe ililia," akasema.

"Pengine ililia."

Akajifunga kitenge upya, taratibu, akainuka, akaelekea mlangoni upande wangu wa kushoto. Nikamwita kwa jina lake. Labda alijibu. Nikaona pazia likivutwa kidogo na upepo, kisha likatulia, na ndivyo nilivyojua kwamba mlango umefungwa.