Ulimi wa Bu Wagirah

"Nyumba anayoilamba yule mama haikaliki," Bu Ngatmi, mama wa nyumba ya jirani, alisema huku akikung'uta nguo na kuianika. "Alilamba kwa Pardi, mwaka haukuisha wakahama. Akalamba kwa yule mjane muuza tempe za soya, leo mle ndani wanalala kaa. Mwite tu, Rumiyah. Ila usije ukasema sikukwambia."

Rumiyah alicheka kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Ubavuni, ndani ya mbeleko, Laras alikohoa. Alikuwa na miezi minane, na kikohozi kile hakikumwacha tangu mvua zianze. Muuguzi alikuwa amesema maneno machache tu: mtoto atolewe kwenye unyevu.

Kusema ni rahisi. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kiuno, lipu inamomonyoka kama kipande cha keki, na asubuhi unakuta unga mweupe umeota usiku. Mumewe, Kuncoro, alikuwa na jibu moja, jibu la mtaa wote wa kaskazini mwa Semarang. Bahari ikipanda, nawe pandisha sakafu. Walishapandisha mara tatu. Dirisha ambalo baba mkwe aliliweka usawa wa kifua sasa liko magotini, na Kuncoro huingia kwake ameinama kama anayesujudu. Jumapili lilikuwa linakuja lori lingine la udongo.

Rumiyah alitaka kujua maji yanatoka wapi kabla udongo haujamwagwa. Alimwita Bu Wagirah siku ya Jumatano.

Alikuja mwanamke mfupi, miaka sitini na kitu, mabega yameinama upande mmoja kwa kubeba saruji kwenye majengo tangu ana miaka kumi na mitatu. Kwenye majengo hayo pimamaji hakupewa kuishika, kwa kuwa ni mwanamke. Ulimi hawakuweza kumnyang'anya. Akajifunza kupima kuta kwa huo.

Siku hiyo hakulamba kitu. Alibandika vipande viwili vya nailoni ukutani, kimoja jikoni, kimoja chumbani, akaziba kingo zote kwa utepe. "Msiguse mpaka kesho," akasema, akaenda zake.

Kesho yake alasiri nailoni ya jikoni ilikuwa na matone juu yake, upande wa ndani ya chumba. Bu Wagirah aliyafuta kwa kidole, akamtazama Rumiyah.

"Tatizo hili ni lako, Nduk, binti yangu. Mvuke wa wali wako. Dirisha la jikoni umelipigilia ubao, mvuke uende wapi? Uombe ruhusa?"

Hata Kuncoro alicheka. Rumiyah aliona haya, lakini moyo ulimtulia. Kama ni mvuke tu!

Kisha wakaingia chumbani. Huko nailoni ilikuwa kavu mbele, na nyuma yake, upande wa ukuta, maji yalikuwa yamejikusanya mpaka yamefanya tumbo. Hakuna aliyecheka tena. Bu Wagirah alipiga magoti, akalamba ukuta chini, akatema. Akalamba usawa wa goti. Akalamba usawa wa kiuno, akafumba macho.

"Njoo uonje na wewe."

Rumiyah alisita, akatoa ulimi. Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya jasho. Ilikuwa chumvi kali, chungu kwa nyuma, iliyobaki kinywani hata alipomeza mate.

"Maji ya paa yangekuwa hayana ladha," Bu Wagirah alisema. Akamgeukia Kuncoro. "Na haya marumaru ya ukutani ya nini, Mas, kaka yangu?"

"Nilibandika mwaka jana. Kuficha doa."

"Umemvika mgonjwa shati jipya." Akaweka tindo, akapiga nyundo mara mbili, marumaru moja likadondoka. Nyuma yake kulikuwa kweusi, kunanuka kama tope la mkoko. "Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu."

Akaanza kuchimba sakafu kando ya ukuta. Alichimba udongo wa mara ya tatu, wa mara ya pili, wa mara ya kwanza, mkono ukazama mpaka kiwikoni. Chini kabisa tindo iligonga kitu kigumu.

"Shika hapa, Mas. Huu ni mkanda wa saruji nzito. Baba yako aliufunga miguuni mwa ukuta ili maji yasipande. Nanyi mmeufukia. Kila lori mnalomwaga, maji yanapata ngazi ya kuuvuka."

Uso wa Kuncoro ulibadilika. "Mtaa mzima tunajaza udongo, Bu. Wote wajinga, mwerevu wewe peke yako?"

"Wote mna maji, Mas."

Nje kulikuwa kweupe, jua linawaka, hakuna hata wingu. Lakini ndani ya lile shimo Rumiyah aliona maji yanajaa polepole, bila sauti, yanatafuta kimo cha bahari.

"Dawa yake?" akauliza.

"Lori lisije. Bandueni marumaru yote. Chimbeni kando ya ukuta mpaka mkanda uonekane, ukuta upumue. Ng'oeni ule ubao, mtoto alale jikoni kuanzia leo." Akajifuta ulimi kwa ncha ya kanga. "Kifua chake kitapona. Nyumba mtapata miaka. Kwamba ni mingi, sitawadanganya."

 Kuncoro alitoka, na Rumiyah akamsikia akimpigia simu mwenye lori, akimwambia Jumapili asije.

Rumiyah alimsindikiza mama yule na bakuli la wali na samaki. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, upande wa baharini, mlango wake umebaki nusu juu ya ardhi. Ndani, kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, na ukuta mzima umefunikwa pazia la maua. Chini, pindo la pazia lilikuwa jeupe kwa chumvi.

"Huu hujaulamba, Bu?"

"Mume wangu aliujenga huu." Bu Wagirah aliweka bakuli chini, akashika pazia, lakini hakulivuta. "Mwanangu kila mwezi ananiita nihamie kwake mlimani. Namwambia kwangu bado kukavu."

Laras alikohoa. Wote wawili wakangoja amalize.

"Nikuombe kitu, Nduk. Ulimi wangu kwenye ukuta huu utanidanganya. Lamba wewe, halafu uniambie."