Mama Mkwe na Neno la Siri

Mke wangu alipokwenda Uingereza kwa kozi ya uuguzi, mwishoni mwa miaka ya tisini, aliniachia watoto, mbuzi, na sanduku la barua pepe la sisi wawili. Neno la siri la kulifungua hakuniachia. Alisema ulimi hauna mfupa, na wangu hata nyama hauna, ni upepo mtupu. Nilikasirika, ingawa siku hiyo hiyo nilikuwa nimemweleza kinyozi safari nzima mpaka bei ya tiketi.

"Ukikwama uliza mama," akaniambia. "Yeye hasahau na hasemi."

Sikukwama. Duka la kompyuta lilikuwa moja tu pale Kitui mjini, na mashine ya pembeni ilikuwa imelishika neno lile tangu siku mke wangu alipoliandika. Mimi nilibonyeza tu, vinyota vikajipanga vyenyewe, barua zikafunguka. Nilijiona mtaalamu. Nilifika hata kuwacheka walimu wenzangu walioogopa kushika kipanya.

Halafu Jumamosi moja mwenye duka, kijana aliyesomea Nairobi, akanipokea akitabasamu.

"Mwalimu, ile programu ya zamani ya mtandao nimetoa yote. Nimeweka hii mpya. Mwanzo barua zenu zilikuwa zinaikataa, lakini siku hizi zinaikubali. Iko fasta sana."

Kweli ilikuwa na kasi. Ilinifikisha kwa kasi mahali pa kuulizwa neno la siri, ikasimama. Niliandika jina langu, ikakataa. Nikajaribu majina ya watoto, la ng'ombe, la kanisa letu. Ikakataa yote, kisha ikanishauri nijaribu baadaye.

"Lakini ile ya zamani ilijua," nikasema.

"Ilijua, lakini haikuambia hii."

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na barua aliyoahidi mke wangu, ya kunijulisha siku ya kumpokea uwanja wa ndege. Kozi ilikuwa imekwisha, hosteli amekwisha kuhama, na barua ya posta ingepishana naye hewani. Nilikuwa namwona akitoka na masanduku yake, akiangaza huku na huku, bila hata mtu mmoja wa kwao. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kukubali.

Basi nikaenda Migwani kumwuliza mama mkwe. Kuandika hivyo ni rahisi, kwenda kwenyewe sivyo. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile haya ya heshima baina ya mtu na wakwe zake, na mimi na yeye hatukuwa tumewahi kutazamana usoni. Tukikutana njiani, mmoja aliingia shambani, hata kama shamba ni la wenyewe. Sote tulikuwa tumeokoka, na mchungaji alikwisha kuhubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, lakini miguu yetu haikuwa imesikia mahubiri.

Aliponiona langoni alivuta leso usoni, akaingia jikoni. Nikaketi nje, mlango nimeupa mgongo. Baba mkwe akakaa kati yetu awe mkalimani, ingawa sote watatu tulisikiana vizuri.

"Mwambie naomba lile neno la kompyuta," nikasema.

"Anaomba neno," mzee akauambia ukuta.

"Mwambie ninalo," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Lakini kulisema akiwa hapo, siwezi vyu, siwezi kabisa."

"Mwambie mke wangu ameruhusu."

"Si maneno ya ruhusa. Mwambie ni lile jina tunamwita hapa akishaenda kwake."

Nikageuka kumtazama mzee. Mzee alikuwa akitazama kuku. Nilimwuliza ni jina gani, akakumbuka ghafla kazi yake zizini. Jikoni sufuria ikaanza kukwanguliwa kwa bidii. Miaka yote hiyo nilikuwa mkwe wa nyumba ile, nimepeleka kila mbuzi niliyeambiwa nipeleke, na sikujua kwamba nina jina. Nilikasirika kweli. Ningeondoka, lakini kila nilipotaka kuinuka nilimwona mke wangu na masanduku yake.

"Mwambie nitaenda mwenyewe," sauti ikasema mwishowe.

Jumatatu akaja mjini na nguo zake za kanisa. Mimi nilisimama nje ya duka, nimeelekea ukuta, huku kijana akimwonyesha herufi. Aliandika kwa kidole kimoja, mkono ameufunika na leso, ingawa kwenye kioo zilitokea nyota tu. Barua zikafunguka. Kisha ile programu mpya ikauliza kitu.

"Inasema aje?" nikamsikia.

"Inataka iweke hiyo paswadi, mama, usisumbuke tena."

"Huyu tumejuana naye leo. Mwambie hapana."

Alipotoka alipita mbali nami, akasema na barabara: "Ndege inafika kesho asubuhi. Na mimi naenda."

Nikaingia kuisoma ile barua. Ilianza kwa maneno ambayo mke humwandikia mume asiyemwona karibu mwaka mzima, na yalikuwa mengi, na mama mkwe alikuwa ameyapitia yote mpaka akaifikia tarehe. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulisafiri basi moja, yeye kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma. Uwanjani alisimama upande mmoja wa mlango, mimi upande wa pili. Mke wangu akatoka, akatuona wote. Nilisubiri mama atangulie, maana ndiyo heshima. Yeye naye alinisubiri mimi, maana ndiye mume. Wasafiri wengine walikumbatiwa wakaisha, wakaondoka. Mke wangu akabaki katikati na masanduku yake, peke yake, vile vile nilivyoogopa.

"Kama hakuna wa kunipokea," akasema, "nirudi Uingereza."

Mama mkwe akashusha leso. Hakumtazama bintiye. Alinitazama mimi, usoni, mara ya kwanza tangu nioe, na mzee wa kutumwa hakuwapo.

"Enda, wewe," akasema. "Si ni bibi yako?"

Nikaenda.