Wiki ya Kumbakiza Mama Nairobi

Niliomba likizo ya wiki moja mwezi wa nane, nikaandika mpango kwenye daftari kama mtu anayelipwa kuongoza watalii. Jumatatu, kupanda juu ya jumba la mikutano pale katikati ya jiji. Jumanne, makumbusho. Jumatano, kuwaona ndovu mayatima. Alhamisi, chakula cha mchana Westlands, mahali penye vitambaa vyeupe mezani. Mtalii mwenyewe alikuwa mama yangu, na sababu ya mbio zote hizo ilikuwa moja: nilitaka ahamie kwangu Riruta. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa sipati usingizi nikimfikiria mama peke yake kule Kitui. Kitanda chake nilishanunua. Sikumwambia ni cha kuhamia. Nilitaka jiji lenyewe limshawishi.

Alifika Jumamosi na nusu gunia la ndengu. Nilimuuliza tutazila lini zote hizo, akacheka tu.

Jumatatu saa nne tulikuwa mjini. Nikamwonyesha jumba. Akalitazama kwa adabu, kisha akaniuliza kwa Kikamba, "Parklands iko upande gani?" Mke wa kijana wa jirani yetu wa Kitui anaishi huko, na eti haiwezekani ufike mji anaokaa mtu wako usimsalimie. Nilimwambia tumpigie simu. Alinitazama kama nimetukana. Ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi ile alibeba kiondo kizito na kukataa nimpokee.

Basi badala ya kuliona jiji kutoka juu, nilijikuta kwenye nyumba ya ghorofa ya tatu, nyuma ya hekalu la Wahindi, nikinywa chai kikombe cha pili. Mwenyeji alipokea ndengu zake kwa mikono miwili, akatokwa na machozi. Halafu mama akaniambia, "Hebu toka nje kidogo, umtembeze mtoto." Mtoto mwenyewe alikuwa amelala. Nilitoka hivyo hivyo, nikasimama kwenye ngazi nisijue nimekosa nini. Niliporudi walinyamaza, wote wawili wakinitazama. Mama akasema niandike namba ya yule dada kwenye simu yangu, nikaandika. Jambo jingine lililonichanganya ni uzito wa kiondo. Kwetu mgeni akikuletea kitu kwenye kiondo, humrudishii kikiwa kitupu, kwa hiyo tulipanda gari la kurudi na sukari, majani ya chai na unga pakiti mbili. Tulitoka kupunguza mzigo, tukauongeza.

Jumanne makumbusho yalitusubiri bure. Tulikwenda Spring Valley, kwa binamu wa marehemu baba, ambaye amekuwa mpishi kwenye boma moja la huko tangu mimi sijazaliwa. Askari wa getini alituuliza mara tatu tunatafuta nani. Mzee akatoka mbio na aproni yake. "Shemeji! Umekuja Nairobi na hukuniambia?" Akatupeleka kwenye kijumba chake nyuma ya nyumba kubwa. Chai tena. Kisha mama akanigeukia: "Nenda ukaangalie maua."

Nina miaka thelathini na sita. Nilikuwa kwenye likizo yangu ya mwaka, nimesimama nikiangalia waridi za watu nisiowajua, na nilikuwa na hasira. Niliporudi, namba nyingine ikaingia kwenye simu yangu.

Njiani ndipo wazo likanijia, na nikajiona mjinga kwa kutoliona mapema. Mama anajihesabia wenzake! Anataka kujua akihamia huku atakuwa na nani wa kuongea naye Kikamba, nani wa kwenda naye kanisani. Hasira ikaniisha yote. Usiku ule nilikata ndovu na Westlands kwa kalamu nyekundu, nikamuuliza mwenyewe kwa furaha, "Kesho tunamsalimia nani?"

"Wa kesho ni karibu," akasema.

Kumbe karibu kweli. Dakika tatu kutoka kwenye ploti ninakopanga nyumba, kando ya Barabara ya Naivasha, kuna fundi wa nguo mwenye kibanda cha mabati. Nimepita mbele yake miaka minne. Aliwahi kunikunjia suruali. Mama aliposimama pale na kuanza kumsalimia, fundi aliruka kutoka kwenye cherehani. Ni mtu wa ng'ambo ya mto wetu, na alikuwa mazishini kwa baba, nyuma kabisa ya umati.

"Kumbe wewe ndiyo mtoto ya marehemu?" akaniambia. "Na vile tunapitana hapa kila siku! Si ungesema?"

Ningesema nini? Sikuwa najua. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akanituma maziwa, na safari hii nilikwenda bila kuuliza. Niliporudi niliandika namba ya tatu, na fundi alinitazama kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wangu.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mama ameshafunga mzigo, na sweta ameivaa.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na kitanda?"

"Kitanda ni kizuri. Nimelala vizuri."

Nikamwambia kila kitu kwa mpigo: upweke wake, umri, kwamba akianguka kule hakuna atakayejua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nisipofungua mlango saa moja," akasema, "saa moja na nusu mama wa ng'ambo ya mto ameshafika kuniulizia. Wewe usipofungua mlango wako, nani anakuja?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya mambo yote, ya shamba, ya mbuzi, ya kanisa, lakini si ya hilo. Hata sasa sijui kama nilichosikia kifuani kilikuwa aibu au shukrani.

"Ukiamka na homa," akaniuliza, "unampigia nani?"

"Nakupigia wewe."

"Mimi niko mbali. Unampigia nani?"

Akasubiri, mkoba mapajani, gari lake likiwa linaondoka saa tatu na yeye hana haraka kabisa.

"Fundi," nikasema.

Akainuka.